Mwaka Ambao Kizito Alitangaza Mieleka

Kama leo umeambiwa una TB ya koo, kaa chini kwanza unywe maji. Mimi siku niliyoambiwa nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za hospitali, ndipo nikaona nimevaa kiatu kimoja. Kingine kilinivuka ndani, chini ya benchi, na sikuhisi chochote. Mume wangu alirudi kukifuata. Alipokuja alipiga goti akanivalisha mbele za watu, na wewe kama ni wa huku kwetu Sumbawanga unajua si kila mwanaume atafanya hivyo hadharani. Naanza na hilo kusudi usidhani nililia mwaka mzima. Nililia, ndiyo, lakini mwaka ule una mambo ambayo nikiyakumbuka natembea nimeinua kichwa.

Naitwa Skolastika, ingawa mjini wengi wananijua kwa jina la Mama Mieleka. Mume wangu ni Kizito, fundi cherehani, mtu asiye na maneno mengi. Tuna mtoto mmoja, Agripina, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza shule. Na tuna kibanda umiza. Siku za mpira tunaonyesha mpira, na Alhamisi jioni tunaonyesha mieleka ya runinga, ile ya Wazungu wenye misuli na makoti ya kung'aa, inayotoka kila wiki.

Kiingereza chao watu hawakisikii. Kwa hiyo mimi nilikuwa nazima sauti ya runinga, nashika maiki, natangaza mwenyewe kwa Kiswahili. Kazi hii niliianza nikiwa binti, kule Mollo. Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, na alipenda mieleka kupita kiasi. Tulikwenda kutazama kwa jirani mwenye jenereta. Baba akiniuliza, "Anasema nini huyo?" mimi namtungia: "Anasema leo atamfyatua kama tofali." Baba anacheka mpaka anashika mbavu. Wengine wakaanza kusogeza vigoda karibu yangu. Ndivyo nilivyokuwa mtangazaji, bila kusomea.

Wapiganaji niliwabatiza majina yangu. Kulikuwa na kipindi kimoja cha zamani ambacho watu hawakukichoka, tulichokihamisha kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye CD, kisha kwenye flashi, picha ikiwa imeshaanza kuchuja rangi. Ndani yake wanakutana Mlingoti na Kinu. Mlingoti ni mrefu, katili, ana mkanda wa ubingwa. Kinu ni mfupi, mnene, na kila wiki anapigwa. Siku hiyo Kinu anaingia ulingoni bega lake limefungwa bendeji. Anapigwa kama kawaida. Mwishoni, refa akishahesabu, wanaleta machela, Kinu anaisukuma pembeni, anatoka kwa miguu yake. Kibanda kizima kinasimama kumpigia makofi mtu aliyeshindwa. Nilikuwa nakitangaza kipindi kile mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa Kwaresima, mvua zikiwa bado zinanyesha. Nilisema ni kelele za kazi. Nikanywa tangawizi, nikalamba asali, nikala limau na chumvi. Duka la dawa wakanipa vidonge vya kumung'unya. Pasaka ikapita, sauti ikawa kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Kikafuata kikohozi. Kikafuata jasho la kulowesha shuka, katika mji huu ambao watu wanalala na makoti. Kitenge nilichokuwa nakizungusha mara moja na nusu sasa kinazunguka mara mbili na ncha inabaki. Kumeza ugali kukawa kama kumeza maganda ya ulezi. Halafu asubuhi moja niliamka nikafungua mdomo kumwita Agripina, hakuna kilichotoka. Hewa tu.

Mama mkwe alipokuja kutoka Msanzi akanitazama kwa muda mrefu. "Sauti ya mtu haiondoki hivi hivi, mwanangu," akasema. "Kuna mtu anaijua ilipo." Nchi nzima inatutania sisi wa Rukwa kwa habari za uchawi, na wengine tunacheka nao, lakini ukiwa umelala huna sauti maneno kama hayo hayachekeshi. Usiku nilijikuta nahesabu niliogombana nao.

Alhamisi ile Kizito alijaribu kushika maiki badala yangu. Nilikuwa nyumbani, lakini kibanda kiko nyuma ya nyumba, nikamsikia vizuri. "Ee... huyu mrefu amempiga huyu mfupi," akasema. Kimya. "Sasa... huyu mfupi ameumia." Kimya tena. "Ameumia sana." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Kizito, rudi kwenye cherehani!" Aliporudi ndani alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Alichukua suruali ya mteja akaanza kuipinda.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa, mvua zilipokwisha na upepo wa baridi ukaanza. Nawaambia ukweli kuhusu benchi la pale: ni refu kuliko ugonjwa. Unakaa unasogea, unakaa unasogea, kila anayeitwa mbele nyote mnasogea, na ukiwa umekonda mbao zinakutafuta mifupa. Nilipewa kikopo, nikaambiwa nitoke nje penye hewa, nikohoe kutoka ndani kabisa. Daktari akanitazama kooni kwa kioo kidogo chenye mpini. Tukarudi benchi. Tukaitwa. Ni TB, na imepanda mpaka kwenye kisanduku cha sauti. Hapo ndipo kiatu kiliponivuka.

Tuliporudi ndani tulikabidhiwa kwa nesi wa kliniki ya kifua kikuu, nesi Yusta, mama mwenye sauti ya taratibu. Aliniambia mambo mawili ambayo na wewe uyashike. La kwanza, inapona, na dawa hailipiwi, mradi usikatize. La pili, koo lipumzike. "Na usinong'one," akasema. "Watu wanafikiri kunong'ona ni kupumzika, kumbe unalikaza koo zaidi. Nyamaza tu, mama. Tumia mikono."

Kisha akauliza naishi na nani. Nikamwonyesha Kizito, nikaonyesha urefu wa Agripina kwa kiganja. Akaandika. "Hao wote watapimwa. Mtoto, hata akiwa hana, atapewa dawa za kinga. Kuna wengine mnaokaa nao sehemu iliyofungwa kwa muda mrefu?"

Nilitaka kutikisa kichwa kwamba hakuna. Kizito akasema, "Kuna kibanda."

"Kibanda gani?"

"Cha video. Yeye anatangaza mieleka. Kwa sauti kubwa."

Nesi Yusta akaweka kalamu chini. "Kina madirisha?"

"Tuliyaziba kwa mbao, mwanga usiingie."

Hakutugombeza. Alisema wahudumu wa afya wanaweza kuja mtaani kuwatafuta watu kimyakimya, au sisi wenyewe tunaweza kuwaambia waje wapime. "Fikirieni nyumbani," akasema. Kizito akanitazama. Mimi nilijua tukisema, kibanda kimekufa. Jina la Mama Mieleka litakuwa jina la mwenye TB, na wengine wataongeza na lile la pili ambalo watu hupenda kuliongeza wakiona mtu amekonda. Nilijua pia nyuso za benchi la mbele. Mzee Salumu, mwenye duka la vipuri pale stendi, alikuwa anakaa karibu nami kiasi kwamba nikitangaza kwa nguvu anajifuta shavu. Nikajigusa kifuani, nikamgusa Kizito, nikafanya mkono kama mdomo unaosema. Tutasema sisi.

"Wewe huna sauti," Kizito akasema.

Nikamwelekezea kidole. Wewe unayo.

Dawa nilianza kesho yake. Vidonge vikubwa, kwa mkupuo, tumbo likiwa tupu. Nesi alikuwa amenionya kuhusu mkojo kuwa rangi ya chungwa, lakini siku ile masikio yangu hayakuwa kazini. Nilitoka chooni mbio nikamvuta Kizito shati aje aone. Yeye alikuwa amesikia. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Niliona nami nacheka, bila sauti, mabega tu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Madirisha ya nyumba tuliyafungua mchana na usiku. Sijui kama mtu wa mahali pengine ataelewa maana ya kulala dirisha wazi Sumbawanga katikati ya kipupwe. Nilivaa koti la Kizito na kofia ya sufu kitandani. Yeye alihamia sebuleni, akanishonea barakoa kutoka kwenye mabaki ya sare za shule, kwa hiyo nilikuwa na za bluu na za kijani kibichi, kama shule mbili zimehamia usoni kwangu.

Mama mkwe aliposikia jina la ugonjwa alikuja kumchukua Agripina. "Mtoto naondoka naye Msanzi," akasema mlangoni, hakuingia. Mimi sikuweza kujibu. Ule ndio uchungu wa kukosa sauti, hupati hata kubisha. Kizito alitoka nje akasimama mbele yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Leta nguo za mtoto."

"Mtoto anapimwa kesho. Anatakiwa kuwa karibu na kliniki. Na wewe ulilala hapa wiki ile, unatakiwa kupimwa pia."

"Mimi? Mimi sina ugonjwa wa watu!"

"Basi njoo umshike mkono mjukuu wako asiogope sindano."

Kwa hilo alikubali. Walikwenda wote kliniki, na nesi Yusta akamweka mama mkwe kwenye kiti, akamweleza taratibu, kama anavyomweleza kila mtu. Sijui alimwambia nini chote. Najua tu kwamba alirudi, akaingia ndani, akauliza sufuria ya uji iko wapi. Hakuondoka mpaka mavuno ya Msanzi yalipomwita. Kila asubuhi, dawa zikishatulia tumboni, alinipa uji wa ulezi wenye karanga, na akanisimamia nimalize. Habari za anayejua sauti yangu ilipo hakuzirudia tena.

Basi ikabaki Alhamisi. Kizito alikuwa na wazo moja na hakulibadilisha: "Tukionyesha kipindi cha kawaida watakuja wachache. Tunawataka wote. Tuweke kile cha Kinu." Alitangaza mtaani kwamba Alhamisi ni Kinu na Mlingoti. Kisha akachukua nyundo, akang'oa mbao za kibanda pande zote mbili, upepo ukapita ndani kama njiani. Tatizo lilikuwa maiki. Akitangaza kama ile mara ya kwanza, watu wataondoka kabla hajafika kwenye neno lenyewe.

Kwa hiyo siku zile, asubuhi, tulikitazama kipindi kile pamoja. Mimi nakaa mlangoni na barakoa yangu, yeye ndani mbele ya runinga na rimoti. Nilimfundisha kwa mikono. Nikipandisha kiganja, sauti ipande. Nikikunja ngumi, asubiri, asiseme, watu wavute pumzi kwanza. Alikuwa anaharakisha. Alikuwa anasema jambo baada ya kutokea, na mtangazaji anatakiwa kusema kabla kidogo. Nilipiga mguu chini, nikatupa kandambili. Mara moja nilikasirika nikaingia ndani nikajifunika blanketi. Alinifuata mpaka mlangoni. "Mimi sijui kupiga kelele, mama Agri," akasema. "Najua kuangalia tu. Sasa nifanyeje?"

Nikatoka. Nikamwashiria: basi angalia, useme unachokiona.

Akarudisha picha nyuma, pale Mlingoti anapomwinua Kinu juu na kumbwaga. Pale ndipo nilipokuwa napasua spika, miaka yote: amemvunja, amemmaliza, kichwa kimeingia ardhini! Kizito aliangalia, akarudisha, akaangalia tena. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Angalia mkono wake," akasema.

Sikuelewa.

"Mkono wa Mlingoti. Wa chini. Amemshika shingo. Wakati anambwaga, kiganja kiko nyuma ya shingo ya mwenzake, na amegeuka yeye kidogo, bega lenye bendeji lisiguse chini." Akasimamisha picha. "Huyu hambwagi. Anamlaza."

Niliinuka nikaangalia. Kweli. Picha imechuja lakini mkono unaonekana, mkubwa, umefunguka kama wa mtu anayepokea mtoto mchanga. Nilikuwa nimekitazama kipindi kile tangu picha yake ikiwa nzuri, na sikuwa nimeuona mkono ule, kwa sababu muda wote nilikuwa natazama nyuso na midomo. Tulirudia sehemu ile mara nyingi asubuhi hiyo. Kila tukirudia tunaona jingine: Kinu anavyompa ishara kwa kufinya mkono, Mlingoti anavyosubiri mwenzake avute pumzi kabla ya kumwinua tena. Watu wawili wanaonguruma kama simba, chini kwa chini wanalindana. Niliona nalia ndani ya barakoa, na sikuwa na huzuni hata kidogo.

Alhamisi watu walijaa. Wengine walishangaa ukumbi una upepo, wakauliza kama tumehama. Mimi nilikaa nje, mbali kidogo, kwenye kigoda upande wa mbao zilizong'olewa, nimejifunga koti. Kizito alizima sauti ya runinga, akashika maiki. Mtu akasema, "Leo tena cherehani!" Wakacheka.

Akaanza polepole. Hakupiga kelele. Aliongea kama anavyoongea na mteja akimpima nguo. "Tazameni Kinu anavyopanda ulingoni. Mguu wa kulia anautanguliza. Bega la kushoto linamuuma, ndiyo maana hajashika kamba kwa mkono huo." Watu wakainama mbele. Kwa miaka yote nilikuwa nawapa kelele. Yeye aliwapa macho. Kibanda kikanyamaza, lakini si kimya kile cha mara ya kwanza.

Kinu alipolala chini mara ya kwanza, refa akainua mkono kuhesabu, Kizito akasimamisha picha. Watu wakaguna. Akageuka akawatazama.

"Ndugu zangu, kabla hajainuka nina neno. Mnajua mke wangu amepotewa na sauti. Tumekwenda hospitali. Ana kifua kikuu, kiko kooni." Akajigusa kooni. "Amekuwa akiwatangazia humu ndani bila kujua. Mimi nimepima, mtoto amepima, mama yangu amepima. Naomba na nyie mkapime. Yeye yuko pale nje. Angeweza kunyamaza, kwa sababu sauti hana. Ameamua mwambiwe."

Kisha kijana mmoja akanyanyuka akatoka, na mwenzake, na wengine watatu wanne nyuma yao. Wakipita karibu nami walizunguka mbali, kama wanavyozunguka dimbwi. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Na watoto wetu tunawaleta hapa!" Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini sikuinamisha uso. Nilimtazama Kizito wangu amesimama na maiki mbele ya watu wote wale, yeye ambaye kanisani hata masomo hakubali kusoma, na nilijisikia kama mke wa bingwa.

Mzee Salumu akakohoa kusafisha koo. "Kizito," akasema. "Huko kupima kunauma?"

"Hakuumi, mzee. Ni kukohoa kwenye kikopo."

"Kukohoa ninakujua. Nimekohoa tangu mwezi uliopita." Akajifunga vizuri koti. "Kesho nitafungua duka saa nne, nitapitia huko kwanza. Anayetaka kunifuata anifuate. Sasa mwinue Kinu, baridi hii itatuua kabla ya TB."

Watu wakacheka, kicheko cha kutua mzigo. Kizito akabonyeza. Na alipofika pale pa kubwaga, akasema tu, "Sasa tazameni mkono wa Mlingoti, ule wa chini." Wakatazama. Nikasikia mtu anasema taratibu, "Ala!"

Sitawaficha: Alhamisi zilizofuata mabenchi yalikuwa wazi. Jirani tuliyekuwa tunachota maji naye alianza kuchota saa nyingine. Sokoni mwanamke mmoja aliniwekea nyanya chini badala ya kunipa mkononi. Hayo yanatokea, na yanauma, na kidonge cha kesho unameza vilevile. Lakini benchi la kliniki lilijaa nyuso za kibanda changu. Wengi walikuwa salama. Mzee Salumu alikutwa nayo, ikiwa bado changa kifuani. Siku za kuchukua dawa tulikaa pamoja. Alikuwa anakuja na chupa ya chai na vikombe viwili, akinimiminia mbele ya watu wote bila kuuliza. "Tumekuwa timu moja," alikuwa akisema, "ila sijui kama sisi ndio Mlingoti au ndio Kinu."

Kiungo kwa kiungo mwili ulirudi. Mwezi wa pili wa dawa viungo viliuma, magoti hasa, nikawa napanda ngazi kama bibi. Mwisho wa mwezi huo makohozi yakawa safi. Dawa zikapunguzwa, Kizito akarudi chumbani, na usiku wa kwanza alilalamika kwamba nimekuwa mifupa na nimezoea mno dirisha wazi. Vumbi la Septemba likaja na njaa ya ajabu; nilikula migebuka na ugali, nikala tena. Kitenge kikaanza kurudi kwenye mzunguko wake. Sauti peke yake haikurudi, na nilianza kuzoea kwamba labda haitarudi.

Ilirudi siku ya mvua ya kwanza. Agripina alikuwa anacheza uani, mawe ya mvua yakaanza kupiga bati, na yeye amesimama tu amefungua mdomo kuyapokea. Sikufikiri. "Agri, ingia ndani!" Ikatoka. Nzito, yenye mchanga, ya chini kama ya mjomba. Agripina aligeuka, akanitazama, akatazama nyuma yangu kumtafuta aliyeongea. Kisha akaniuliza, "Mama, ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Sema tena." Nikasema tena na tena, mpaka mama mkwe, aliyekuwa amekuja na maharage mapya, akatoka jikoni mikono imejaa unga, akakaa chini kwenye kizingiti.

Nilimaliza dawa wakati watu wanapanda mahindi. Kabla ya Krismasi nilirudi kibandani. Walikuwa wameanza kurudi mmojammoja, na Kizito hakuwa ameacha hata Alhamisi moja, hata ile aliyotangaza kwa watu wawili na mbwa. Nilishika maiki nikaanza kama zamani. Katikati ya pambano sauti ikaniishia. Nikasubiri kejeli. Badala yake kutoka nyuma wakaanza kuita: "Kizito! Kizito! Kizito!" Nikampa maiki. Siku hizi tunatangaza wawili. Mimi nawasha moto, yeye anaonyesha mikono. Wapo wanaosema wanamjia yeye, na mimi nikisikia hivyo ninavimba kichwa kuliko wangesema wananijia mimi.

Juzi nesi Yusta alinipigia simu, akaniomba niende nikakae kidogo na wagonjwa wapya. Nilikwenda. Mwisho wa benchi alikuwapo dada mmoja kutoka Milepa, amejifunga leso shingoni, macho mekundu. Nilipomsalimu akafungua mdomo, ikatoka ile hewa ninayoijua. Akajaribu kunong'ona.

"Usinong'one, dada," nikamwambia. "Nyamaza tu. Tumia mikono."

Akagusa koo lake, akageuza kiganja juu: itarudi?

"Yangu ilirudi. Si ileile, lakini watu wananisikia."

Akanitazama kama anayepima kama ninamdanganya. Wakati huo mlango ukafunguliwa, wakaita jina lake. Alinyanyuka nusu, akafungua mdomo kuitikia, ikashindikana. Wakaita mara ya pili, na mtu wa mlangoni akaanza kuangalia jina linalofuata.

"Yupo!" nikaita, kwa nguvu zote nilizonazo. Ukumbi wote ukageuka. "Yupo hapa! Anakuja!"

Akaenda.